Juvenali Alikuwa Amesimama

Wasifu wa kwanza wa mdogo wangu Juvenali niliuandika mimi, na ndani yake kuna uongo. Niliusoma kwa sauti mbele ya kaburi lake kule Nyabusozi, watu zaidi ya mia tatu wakinisikiliza, padre akiwa amesimama kulia kwangu na mama yetu Rozina amekaa kwenye mkeka. Nilipofika aya ya mwisho nikasoma: "Marehemu alifikwa na mauti kwa ajali alipokuwa akipenya katikati ya malori." Watu wakaguna. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Hawa vijana na haraka zao." Nikakunja karatasi, tukaendelea na kutupa udongo.

Mwaka mzima lile guno limenikaa kifuani. Kwa hiyo nauandika wasifu upya, na safari hii sinakili maneno ya mtu.

Wasionifahamu, mimi naitwa Leonsia. Ni fundi cherehani pale Kabanga, karibu na mpaka wa Burundi, na ni katibu wa jumuiya yetu ya Kikristo. Katika ukoo wetu mimi ndiye niliyemaliza kidato cha nne, na kwetu mwenye kidato cha nne ndiye anayeandika wasifu wa marehemu, awe anaona kwa machozi au haoni. Msiba tuliulilia kwa Kisubi, lugha ya nyumbani. Wasifu lakini husomwa kwa Kiswahili, na Kiswahili cha ajali sikuwa nacho. Nilichokuwa nacho ni karatasi tuliyopewa ofisini tulipokwenda kuchukua mwili. Nikaiweka mezani, nikanakili sentensi yake neno kwa neno, kwa sababu nililelewa kuamini kwamba kitu kikigongwa muhuri ni kweli. Kumbe sikumuuliza mtu yeyote swali hata moja. Nani alimuona mdogo wangu akipenya?

Juvenali alizaliwa Nyabusozi, wilaya ya Biharamulo, mwaka 1994, mtoto wa nne wa nyumba yetu na wa mwisho. Nitasimulia jambo moja tu la utoto wake, kwa sababu ndilo alilokufa nalo. Akiwa na miaka sita, mama alimwacha na mbuzi kando ya shamba la mihogo, akamwambia, "Usiondoke hapa mpaka nirudi." Mama akachelewa zahanati. Mvua ikanyesha, ile ya mawe. Majirani walimwita kutoka barazani kwao, akakataa kwenda. Mama alimkuta amesimama palepale, meno yanagongana, mbuzi wote wamekimbilia majumbani kwa watu. Alipoulizwa kwa nini hakujificha, alijibu, "Si ulisema nisiondoke?" Tulicheka miaka mingi. Walimu wake waliusifu utii huo hadi darasa la saba. Leo sicheki.

Alikuja kuishi kwangu Kabanga akiwa kijana wa miaka ishirini, akajifunza pikipiki, akapata leseni kwanza ndipo akaanza kubeba abiria, jambo ambalo wenzake kijiweni walilishangaa. Akamwoa Nimpaye, binti wa palepale Kabanga, wakamzaa Clarisse. Jumapili alibeba wazee kwenda kanisani bure, na alikuwa anawazungumzisha njia nzima ili wasiogope.

Sasa nije kwenye kupenya.

Miaka mitatu iliyopita barabara yetu ilianza kukarabatiwa mahali fulani kwenye mteremko, kabla hujafika Kabanga. Upande mmoja ulifungwa, magari yakawa yanapita kwa zamu, wa juu wakishuka wa chini wanangoja. Mzee Theonest, mtu wa Rulenge, ndiye aliyeshika kibao cha SIMAMA na NENDA. Malori yaliyotoka juu yalisimama mistari miwili: yenye mizigo ya Burundi ukingoni kushoto, mengine pamoja na mabasi karibu na katikati ya barabara. Kati ya mistari hiyo ulibaki upenyo. Hapo ndipo bodaboda walipopita mpaka mbele kwa Mzee Theonest, wakasimama kundi moja, na kibao kikigeuzwa wanaondoka wao kwanza.

Watu wengi wanaolaani kupenya hawajawahi kupanda nyuma ya Juvenali. Mimi nimepanda, kwa hiyo nasema ninachokijua. Hakuwahi kupita katikati ya malori yanayokimbia. Alingoja yasimame kabisa, au yawe yanajivuta polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu. Kisha aliingiza gia ya kwanza, akawasha taa ya mbele hata kama jua ni la saa sita, akasema bila kugeuka, "Bana magoti, dada." Lile bomba la mbele linalokinga miguu alikuwa amelipeleka kwa fundi likapunguzwa hadi likawa jembamba kuliko usukani. Macho yake hayakuwatazama madereva. Yalikuwa chini, kwenye matairi ya mbele ya malori.

"Kwa nini unaangalia matairi?" nilimuuliza siku moja.

"Dereva anaweza kuwa anatafuna muhindi huku anaangalia simu. Sura yake haikuambii kitu. Lakini hawezi kulitoa lori kwenye mstari bila tairi kugeuka kwanza. Tairi likicheza kidogo tu, mimi nasimama."

"Na lisipocheza?"

"Basi naenda, dada. Mtu mwenye mwili wa nyama hakai nyuma ya lori kwenye mteremko akingoja lori lingine limjie mgongoni. Huku katikati nina chuma kushoto na chuma kulia, vimesimama. Kule nyuma nina chuma kinachokuja."

Hayo ni maneno ya mtu wa darasa la saba. Nimekaa na watu wenye vyeti vikubwa, hawakuweza kuyapinga.

Mzee Theonest naye alipenda utaratibu ule. Alikuwa ananiambia, nikipita pale, "Mama Leonsia, pikipiki zikiwa zote mbele yangu naziona. Nikigeuza kibao, lori halijapata hata gia, zenyewe zimeshapotea. Halafu nafungulia malori bila hofu kwamba nitasikia mtu anapiga kelele chini ya tela." Siku ya soko, pikipiki arobaini zilipita namna hiyo asubuhi moja, na foleni ya malori ikabaki na urefu wake uleule.

Kisha ikaja amri.

Gari la mkubwa mmoja, simjui jina na sitaki kulijua, lilikuwa kwenye foleni ile. Kijana mmoja, si wa kijiwe chetu, akapita kwa kasi akavunja kioo cha pembeni cha gari hilo. Kioo tu! Wiki iliyofuata tuliambiwa kulikuwa na kikao, na kikao kimeamua: pikipiki zote zikae kwenye mstari kama magari mengine, atakayepenya pikipiki yake itakamatwa. Hawakumuita Mzee Theonest aliyesimama pale kutwa nzima. Hawakumuita bodaboda hata mmoja. Mtu mmoja alikosa adabu, wakawaadhibu wenye adabu wote, na adhabu yenyewe ilikuwa kuwapanga nyuma ya matairi.

Naomba msomaji afikirie nami hapa, maana jambo hili halihitaji shahada. Pikipiki ikiwa kwenye mstari inachukua karibu nafasi ya lori, kwa sababu dereva mwenye akili haisogelei. Pikipiki arobaini zikajipanga mle. Mkia wa foleni ambao zamani uliishia katikati ya mteremko ukapanda kilima mpaka ukafika kwenye kona. Sasa mtu anayetoka juu na mzigo hakuiona tena foleni kwa mbali. Aliiona akishazunguka kona, nayo iko mbele ya pua yake. Na mwisho wa mkia, mahali pa kwanza pa kugongwa, wakasimama watu wasio na bati wala kiti cha kuwakinga, na akina mama wenye watoto mgongoni. Hayo waliyaita usalama.

Juvenali alitii. Wenzake walinung'unika, wengine wakawa wanavizia askari akigeuka wanapita. Yeye hapana. Siku ya pili tu ya amri alikuwa ametumwa na Mama Yuster, mfugaji wa pale Kabanga, kumletea vifaranga wa siku moja kutoka Ngara mjini, maboksi mawili. Alisimama kwenye foleni saa mbili, juani, moshi wa lori ukimpulizia usoni. Alipofika, nilikuwa kwa Mama Yuster nampima gauni. Maboksi yalipofunguliwa, kimya.

"Wewe Juvenali," Mama Yuster akasema, "nilikutuma vifaranga au kitoweo?"

"Shikamoo mama. Wamekataza kupenya, mama."

"Marahaba. Na hawa vifaranga, walikatazwa kufa?"

"Mama, nilitoa kofia nikawapepea."

"Mungu wangu! Umewapepea na nini, na moshi?"

Mama Yuster akacheka mwenyewe kwa hasira yake, lakini Juvenali hakucheka. Kesho yake alimpelekea kuku mtagaji wa Nimpaye. Nimpaye alimnunia wiki nzima. Habari ilifika kijiweni, na Wiston, mwenyekiti wa kijiwe, mtu wa mdomo, akampa jina: Askofu wa Foleni. Kila asubuhi ilikuwa, "Askofu, leo umebariki malori mangapi?" Naye anajibu, "Yote, na wewe nitakubariki ukinyamaza."

Alikufa Alhamisi, mwezi wa nane mwaka jana, saa nne asubuhi. Alikuwa peke yake, anatoka kumshusha abiria. Lori la mbao lilizunguka kona likiwa limekatika breki. Nilipata habari mashine ikiwa inakimbia, nikashona kidole changu. Kovu ninalo.

Askari alifika baada ya zaidi ya saa moja. Kabla yake malori yalikuwa yameshaamriwa kusogea ili barabara ifunguke. Dereva wa lori la mbao alikuwa amekimbilia migombani, na lori lake lilikuwa limevutwa kando. Kilichobaki ni pikipiki imelala katikati, pale palipokuwa na ule upenyo, na damu. Askari akachora alichokikuta. Pikipiki iko katikati, basi alikuwa anapenya. Karatasi ikaandikwa, ikagongwa muhuri, ikaletwa kwangu, nami nikaisomea umati. Ndivyo uongo ulivyosafiri. Hakuna aliyelipwa wala aliyekaa kupanga. Ilitosha kwamba kila mmoja wetu alinakili kwa mwenzake.

Haukuishia hapo. Wiki ya pili baada ya mazishi, wale wale wa kikao walileta karatasi iliyofunikwa kwa nailoni, Wiston akaigongomea kwenye mti wa kijiwe kwa misumari minne. Iliandikwa hivi: KUMBUKA JUVENALI. USIPENYE. Clarisse alikuwa darasa la kwanza, ndiyo kwanza anaunganisha silabi. Shule anaifuata kwa njia ya pale kijiweni. Siku moja alikuja kibandani kwangu, akaegemea cherehani.

"Shangazi, baba ameandikwa kwenye mti."

"Ndiyo, mwanangu."

"U-si-pe-nye ni nini?"

Nilimwambia alete uzi mweupe, na uzi mweupe ulikuwa mbele yangu.

Mwezi wa pili mwaka huu, mchana, mwanamume mrefu wa makamo alisimama mlangoni kwangu na kifurushi cha sukari mkononi. Alikuwa ameulizia kijiweni ndugu wa kijana aliyekufa kwenye foleni, wakamwelekeza. Alijitambulisha kwa jina la Bulugu, Msukuma wa Shinyanga, dereva wa lori la saruji.

"Pole sana, mayu," akasema. Kwao mayu ni mama. "Nimechelewa. Kampuni ilinihamishia njia nyingine, leo ndiyo nimerudi huku. Yule kijana alikuwa nyuma yangu."

"Nyuma yako wapi?"

"Nyuma ya tela langu. Amesimama."

Nilizima mashine. Nikamwambia akae, nikamwambia arudie, akarudia.

"Nilishuka kukaza kamba za turubai. Nikamkuta nyuma anakohoa kwa moshi. Nikamwambia, 'Kijana, moshi wangu utakumaliza, pita hapo katikati, nafasi ipo.' Akacheka, mayu. Akasema, 'Baba, wamekataza. Na mimi ndiye Askofu wa Foleni.' Sikuelewa, nikadhani ni mtu wa kanisa."

Hapo nilijua kwamba mtu huyu hasemi hadithi. Jina lile halikuvuka kijiwe chetu, na tangu azikwe hakuna aliyelitamka tena. Nani angelimwambia dereva wa Shinyanga?

"Nikarudi kwenye usukani," Bulugu akaendelea. "Alikuwa ametokeza kidogo upande wa kushoto kukwepa moshi, ndiyo maana nikawa namuona kwenye kioo. Mguu wa kushoto chini, pikipiki ameizima. Halafu lile lori la mbao likatokea kwenye kona, honi moja kwa moja. Akageuza shingo. Kulia kwake palikuwa wazi, ungeweza kupitisha hata ng'ombe. Lakini mpaka uwashe pikipiki... Lilimkuta palepale. Lilimrusha huko katikati."

"Baba Bulugu, kwa nini hukusema?"

"Kwa nani, mayu? Nilishuka, nikamshika, kichwa chake kilikuwa hapa." Alionyesha paja lake. "Akaja mtu anapiga kelele, toa gari, unafunga barabara. Nikatoa. Hakuna aliyeniuliza hata jina. Mpaka leo bampa langu la nyuma limebonyea, ukitaka nitakuonyesha."

Nilifunga kibanda. Tulikwenda naye siku hiyohiyo kwenye ofisi iliyotoa ile karatasi. Sitaitaja, na yule bwana aliyetupokea sitamtaja, kwa sababu hasira yangu haimhusu mtu mmoja na sitaki aipate peke yake. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti.

"Mama, jalada hili limefungwa."

"Nimekuja lifunguliwe. Shahidi huyu hapa."

Akamtazama Bulugu. "Baba, wewe si dereva wa malori? Leo unatetea pikipiki zipenye?"

"Mimi namtetea mtu aliyekufa. Lakini kwa kuwa umeuliza, ndiyo. Sisi wenye malori tunataka wapite. Akiwa mbele namuona. Akiwa ubavuni, nimesimama, namuona kwenye kioo. Akikaa nyuma ya tela simuoni kabisa, na nikirudisha lori nyuma kidogo tu, nimeua mtu bila kusikia. Nyie mnatupangia watu pale tusipoona."

"Mzee, sheria haiendi kwa anavyoona dereva."

"Sasa inakwenda kwa anavyoona nani?" nikauliza mimi. "Maana aliyekaa kwenye kikao hakuwepo barabarani."

Yule bwana akatabasamu, akatoa karatasi nyeupe, akamwambia Bulugu aandike alichokiona. Akaandika. Akaipokea, akaiweka juu ya nyingine, akasema tutajulishwa. Huu ni mwezi wa saba tangu siku hiyo. Hatujajulishwa.

Nilikwenda kuungama. Sikwenda kwa ajili yao, nilikwenda kwa ajili yangu. Nilimwambia padre kwamba nimemshuhudia uongo ndugu yangu mwenyewe, kaburini, kwa Kiswahili safi. Nilidhani ataniambia sikujua, kwa hiyo si dhambi. Akaniuliza, "Uliusema mbele ya watu wangapi?" Nikamwambia zaidi ya mia tatu. Akasema, "Basi malipizi yako si rozari. Rudi palepale, useme ukweli mbele ya watu wale wale." Kisha akaniondolea dhambi.

Nilipomweleza Wiston kwamba kwenye misa ya mwaka nitausoma wasifu upya, alikuja kibandani uso umemkaa vibaya.

"Dada Leonsia, unatutafutia nini? Watafunga kijiwe."

"Ulimpa jina la Askofu wa Foleni wewe, au si wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa nini ulimpa?"

Akaangalia chini. "Kwa sababu hakupenya."

"Sasa karatasi uliyoigongomea inasema nini?"

"Walileta wao."

"Na misumari walileta wao?"

Akachukua kofia yake akaondoka. Nilimkasirikia sana, na nilimwombea, yote mawili kwa siku moja.

Mwezi wa nane mwaka huu tulikusanyika Nyabusozi. Kijiwe kizima kilikuja, Wiston akiwemo, na Mzee Theonest alikuja kwa basi akiwa amevaa koti lake la kanisani. Baada ya misa tulitoka kwenda kaburini, nikasimama mahali nilipokuwa nimesimama mwaka uliopita. Nilisoma kuzaliwa kwake, mbuzi na mvua ya mawe, leseni, ndoa yake, wazee aliowabeba bure. Kisha nikasema, "Mwaka jana hapa niliwasomea uongo. Niliutoa kwenye karatasi yenye muhuri, lakini mdomo ulikuwa wangu. Mungu anisamehe, na ninyi mnisamehe." Nikasoma:

"Juvenali hakuwa akipenya. Alifariki akiwa amesimama kwenye foleni, mguu wa kushoto chini, mahali alipoamriwa asimame. Upenyo wa kumwokoa ulikuwa wazi kulia kwake, nao ulikuwa umekatazwa."

Hakuna aliyeguna. Nimpaye, aliyekuwa amekaa na Clarisse miguuni pake, akasema kwa sauti, "Rudia."

Nikarudia. Akasema tena, "Rudia, mama amezidi kuwa mzito wa masikio." Nikamwendea mama yangu karibu, nikainama, nikamsomea kwa Kisubi. Mama akaitikia kwa kichwa, akasema kwa Kisubi vilevile kwamba yeye alijua, kwa sababu mtoto wake hakuwahi kuondoka mahali alipoambiwa akae. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema kosa ni lake, angemfundisha kukimbia mvua.

Si kosa lako, mama. Naliandika hapa ili lisomwe na kila mtu.

Wiston hakukaa kula. Niliona pikipiki yake ikiondoka kabla ya chakula kupakuliwa, nikajiambia, basi.

Jumatatu nilirudi Kabanga. Nilishuka kwenye basi Ngara mjini, na wa kwanza kunisogelea pale stendi alikuwa Wiston. Hakusema alikuwa ananingoja. Alichukua tu begi langu akalifunga mbele yake, akanipa kofia ngumu. Tukaondoka. Tulipozunguka ile kona, foleni ilikuwa palepale, mkia wake karibu na miguu yetu. Wiston akapunguza mwendo, akasimama nyuma ya lori la chumvi. Akateremsha mguu wa kushoto.

Niliutazama mguu ule. Nadhani na yeye aliutazama.

"Wiston," nikasema, "nyuma yetu kuna nini?"

Akainua macho kwenye kioo. Lori lilikuwa linatokea kwenye kona, jekundu, limebeba mzigo juu. Halikuwa na tatizo lolote, lilikuwa lori tu linaloshuka. Malori ya mbele yetu yalikuwa yamesimama tuli mistari miwili, na kati yao upenyo ulikuwa wazi mpaka chini.

Wiston akawasha taa ya mbele. Akainua mguu.

"Bana magoti, dada."

Tukaingia taratibu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Macho yake yalikuwa chini kwenye matairi. Dereva mmoja alivuta kioo chake ndani, kisha wa mbele yake naye akavuta. Niligeuka mara moja tu: lile lori jekundu lilikuwa limesimama salama, pua yake ipo pale tulipokuwa sisi. Tulitokea mbele kwa Mzee Theonest. Alitutazama, akatazama huku na huku, kisha akasogea hatua mbili kushoto ili tupate pa kusimama. Nyuma yetu nikasikia pikipiki nyingine, na nyingine.

Kesho yake pikipiki ya Wiston ilikamatwa. Alikaa siku mbili bila kazi. Amri bado ipo, na ile karatasi ya ofisini bado inasema ilichosema. Lakini kwenye mti wa kijiweni kumebaki matundu manne ya misumari, na siku ya tatu Wiston aliporudishiwa pikipiki alipita tena katikati, taa imewaka, saa sita mchana.